Duka la sanda la Chake Chake, lile lisilo na kibao

Ukiteremka kuelekea sokoni Chake Chake, hapa Pemba, utalijua kwa mlango, kwani kibao halina. Mlango wa mbao, rangi ya kijani iliyobabuka, na mwimo wake wa kulia umechanjwa kwa kisu mistari midogo midogo, kuanzia usawa wa goti mpaka juu ya kichwa cha mtu mrefu. Mara ya kwanza nilidhani ni watoto wa nyumba wanaopimana kila Sikukuu. Kumbe ndicho kipimo cha mwenye duka. Wengi wanaokuja kununua sanda hawajui urefu wa mtu wao kwa futi wala kwa mita, na suali hilo ukiwauliza hivihivi huwaliza. Ami (mtaa mzima humwita Ami, na mimi nimefuata) haulizi "alikuwa na urefu gani?" Husema, "Simama hapa mlangoni. Alikuwa akikufika wapi?" Mtu husimama, huweka kiganja sikioni au juu ya utosi, Ami hutupa jicho kwenye mwimo, na mkasi huanza kazi.

Nimefanya kazi ya vifo miaka 11 na sijaona mtu aliyeliuliza suali hilo vizuri kuliko yeye. Ndiyo sababu naandika haya, ingawa najua si wengi wanaopenda kusoma sifa za duka la sanda.

Mimi ni mtoto wa Ole, nimesoma skuli ya Fidel Castro, nikaolewa nikachukuliwa Marekani, jimbo la Minnesota. Kule nikasomea uuguzi, kisha nikaajiriwa katika ofisi ya daktari mchunguzi wa vifo wa kaunti moja. Watu hapa huniuliza, "Ulikuwa unapasua?" La. Mpasuaji ni daktari. Mimi nilikuwa yule anayetangulia. Simu italia saa tisa za usiku: mzee kakutwa amekufa peke yake nyumbani, mtu kaanguka kazini, mtoto mchanga hakuamka. Nachukua kamera, daftari, kipimajoto na glavu, naingia garini. Polisi ndiye mwenye nyumba, sisi ndio wenye maiti, na hakuna ruhusa ya kumgeuza mpaka tufike. Picha kwanza, kugusa baadaye. Kisha masuali: nani alimwona hai mara ya mwisho, saa ngapi, alilalamika nini, alikuwa akitumia dawa gani. Dawa tukizihesabu kidonge kimoja kimoja na kulinganisha na tarehe ya kwenye chupa, maana chupa ya vidonge 30 iliyochukuliwa jana ikiwa imebaki na vinne, hiyo inasema jambo.

Na si Marekani yote yenye utaratibu huo. Ziko kaunti ambazo bado zina koroneri, mtu wa kupigiwa kura kama diwani, na sehemu nyingi sheria haimlazimishi hata kuwa daktari. Jimbo la Massachusetts ndilo lililotangulia kuwaondoa makoroneri na kuweka madaktari, mwaka 1877. Jina la Massachusetts wazee wa Unguja wangelijua kwa njia nyengine: viwanda vyake ndivyo vilivyofuma lile guo zito tunaloliita marekani, likaletwa na merikebu za Salem, bandari ya jimbo hilohilo, hasa baada ya Sayyid Said kufunga mkataba na Wamarekani mwaka 1833, na hapa likalipiwa kwa pembe na sandarusi. Siku moja nilimhadithia Ami habari hii kwa bashasha. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Marekani ni ya matanga ya vyombo. Mayiti anavishwa bafta." Akarudi kwenye mkasi wake.

Basi tuingie dukani. Mbele ni biashara ya kila siku: kofia, vikoi, misala, tasbihi, udi, mafuta ya nazi kwenye chupa za maji. Kuna pazia la kanga, na nyuma ya pazia ndiko kwenyewe: meza ndefu iliyosuguliwa ikawa nyeupe, majora ya bafta, kile kitambaa cheupe cha pamba, kwenye rafu, na bilauri ya maji ambayo nitaieleza baadaye. Sanda ya mwanamme ni shuka tatu. Ya mwanamke vipande vitano: shuka ya kiunoni, kanzu, ukaya, na shuka mbili za juu. Hakuna kinachopindwa wala kushonwa. Hiyo kanzu ni kitambaa kinachokunjwa katikati na kukatwa pahala pa kupita kichwa. Kwa mtu wa futi tano na nusu Ami hukata shuka ya wari tatu, ili kichwani na miguuni pabaki pa kufungia. Kamba za kufungia haziuzwi, huchanwa kutoka pindo la bafta hiyohiyo. Na bafta yake ni ya upana wa inchi 60. Zipo za inchi 36, bei nafuu, lakini mtu mnene haimzunguki mpaka uunge, na Ami haungi.

Juu ya sanda utafungiwa pamba, karafuu maiti, udi, marashi ya mawaridi, liwa, majani ya mkunazi yaliyokaushwa na kutwangwa, sabuni ya mche na jozi mbili za glavu. Vyote katika kikapu cha ukindu ambacho utakirudisha. Ukisahau atakukumbusha, tena mbele za watu.

Lakini kitu cha kwanza kutoka mkononi mwake si kimojawapo katika hivyo. Siku ya kwanza nilikuwa nimekuja kununua udi tu. Akaingia kijana anahema, baba yake kafariki saa ile, kila neno linamtoka nusu. Ami hakuuliza chochote. Alishika pindo la jora, akachana utepe wa upana wa vidole vinne, akamkabidhi. "Huu wa kufungia kidevu. Uko na mwenzio? Mpe akimbie nao nyumbani. Sanda nakata, taya halisubiri." Mwenzake akatoka mbio na baiskeli, ndipo kijana akasimamishwa mlangoni kupimwa. Utepe huo hauuzwi.

Nilibaki nimesimama na udi wangu mkononi. Mwili ukishakufa, kukakamaa huanza kusikika kwenye kope, taya na shingo, kiasi cha saa mbili hadi nne, kisha kunateremka mikononi na miguuni, na baada ya kama nusu siku mtu mzima amekuwa mkavu kama ubao. Baada ya hapo hulegea tena. Kwenye joto mambo haya huja haraka na kuondoka haraka. Kwenye baridi hukawia: Minnesota, mwezi wa Januari, katika nyumba ambayo mtambo wa kutia joto umeharibika, nimekuta mtu aliyekufa siku kadhaa angali mgumu vilevile. Sisi ugumu wa taya tukiuandika kama kidokezo cha saa, pamoja na joto la mwili na damu ilikojikusanya, na daktari akitukanya kila mara tusiamini kimoja peke yake. Ami haimshughulishi saa. Yeye anajua kwamba mdomo ukikauka uko wazi, utazikwa uko wazi, na ile ndiyo sura atakayobaki nayo mama.

Masuali yake ni manne tu, nimeyahesabu. Mwanamke au mwanamme. Alikuwa akikufika wapi. Ana jaraha lolote, au alikuwa kitandani muda mrefu. Nani anaosha. Hilo la tatu hulitoa huku akichukua pamba, kwa sauti ileile ya kuuliza kama unataka mfuko, na mtu hujibu bila kushtuka. Akiambiwa kuna vidonda vya kulala, pamba huongezeka maradufu na nailoni hutiwa chini. Akitajiwa mwosha anayemjua, hupunguza vitu: "Yule mkunazi anao wake, usitoe pesa bure." Jina la maiti haulizi kabisa. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Jina litatajwa msikitini. Hapa atalia, na mimi nataka anisikie."

Kule kwetu kazini tulifundishwa kinyume na desturi zote nilizolelewa nazo: ukienda kumpa mtu habari ya msiba, nenda mwenyewe, usipige simu, na useme neno lenyewe, amekufa. Usiseme ametutoka, usiseme tumempoteza, maana aliyeshtuka atakuuliza kapotelea wapi. Sikupinga. Lakini mara moja nilitumwa kwa familia ya Waswahili wa Lamu, kwa sababu nilikuwa na lugha. Nikabisha hodi. Bibi mtu mzima akaitika karibu, akafungua, akanitazama ushungi wangu akafurahi. "Hujambo mwanangu? Habari za utokako?" Na mimi, kwa ulimi uliozoea tangu utotoni, nikajibu, "Njema, bibi, shikamoo." Njema! Mjukuu wake yuko kwenye friji letu tangu alfajiri. Nimesahau maiti wengi, lile "njema" sijalisahau. Sasa namtazama Ami: anayeingia dukani kwake hapati hata nafasi ya kusalimia. Salamu moja, "pole", na utepe tayari umeshachanika.

Nifike kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya niliheshimu duka hili.

Ilikuwa msimu wa karafuu, baada ya Isha. Nilikuwa ndani nachagua bafta kwa ajili ya kina mama wa mtaani kwetu, maana tangu nirudi nimeingia katika kundi lao la kuosha. Akaja kijana kutoka upande wa Wete. Mjomba wake kaanguka mkarafuu alasiri, kafa palepale, wanataka kuzika usiku huohuo. Pemba mtu kuanguka mkarafuu si habari ngeni. Matawi ya mkarafuu huonekana mazito lakini hukatika ghafla, na mchumaji huwa kajinyoosha kufuata kishada cha mwisho. Ami akauliza, "Nani alikuwa naye?" Peke yake. "Nani kamkuta?" Mtoto. "Sheha anajua?" (Sheha kwetu ndiye kiongozi wa serikali mtaani.) Kijana akanyamaza, akatazama chini.

Kwa mara ya kwanza nikamwona Ami hakuchana utepe. Akauweka mkasi mezani. "Msimfunge kitu, msimwoshe, msimtoe alipo kama bado yuko kondeni. Nenda kwa sheha, sheha awaite polisi. Sanda nakukatia sasa hivi, itakungojea hapa. Ukija usiku wa manane, gonga."

Nywele zilinisimama. Maneno hayo sisi tuliyasomea, tukayafanyia mitihani, tukapewa na cheti. Mwenzangu mmoja kazini aliyakosea mwaka wake wa kwanza, akaruhusu mtu afunikwe blanketi ya nyumbani kabla ya picha, na kesi nzima ikawa ya maswali kuhusu nyuzi za blanketi. Hapa ni mzee wa bafta, anajua kwamba maiti asiye na shahidi haharakishwi. Mimi ningeongeza yangu: kamba ilikuwa wapi, tawi lililokatika liko chini yake au bado linaning'inia, mkatiko wake ni mbichi, mikono yake ina majani. Kwenye fomu zetu kulikuwa na visanduku vitano vya namna ya kifo: maradhi, ajali, kujiua, kuuawa, haijulikani. Sababu ya kifo ni jambo jengine. Mtu anaweza kufa kwa kuvunjika shingo, na kuvunjika huko kukaingia katika vinne kati ya visanduku hivyo vitano. Ndiyo maana mtu lazima aende akaone pahala penyewe.

Yule wa karafuu ilikuwa ajali. Polisi walikwenda, daktari alimwona, tawi lilikutwa limemlalia miguuni. Alizikwa asubuhi yake. Kijana alikuja kuchukua sanda kabla ya saa mbili, na Ami akampa utepe wa kidevu pia, ingawa wakati ule haukuwa na kazi tena.

Baadaye nilimletea jambo linalonisumbua. Huko, kazi yangu ilikuwa kuandika kila nilichokiona: kovu, mchubuko, chale, pete. (Pete tulikuwa haturuhusiwi kuandika "ya dhahabu". Tuliandika "pete ya madini ya rangi ya njano", maana ukiandika dhahabu na ikaja kuonekana shaba, familia itasema umebadilisha. Wifi yangu mpaka leo nikimsifia bangili zake huniuliza kama ni za madini ya njano.) Hapa, mwosha anachokiona ni amana. Kasoro ya maiti haisemwi, si kwa mume, si kwa jirani. Mimi na kalamu yangu ya miaka 11 nimejifunza kukaa kimya juu ya ufuo, pale tunapooshea maiti, na wala sijutii. Lakini nikiona alama za vidole shingoni? Ami hakufikiri hata kidogo. "Aibu husitiriwa. Dhulma haisitiriwi. Unatoka nje, unamwita sheha." Nikamwambia bi mkubwa wetu wa kuosha, naye akasema hivyohivyo, kwa maneno makali zaidi.

Kwa nini lakini upande daladala mpaka Chake wakati sanda zinauzwa kila pahala siku hizi, tena zimeshafungwa vizuri kwenye nailoni? Nitakuambia. Mama yangu mkubwa alipofariki tulikuwa Unguja, na tukanunua "seti" katika duka moja la mjini, silitaji. Imeandikwa pamba tupu. Mama mkubwa alikuwa mwanamke mrefu. Shuka ilipotandikwa haikufika wari mbili na robo. Kichwani ikafika, miguuni pakabaki pa kukunja tu, si pa kufunga. Tukaunga kwa mtandio mpya wa binti yake. Waosha hawakusema neno, ndivyo walivyo, lakini mimi niliuchukua uzi mmoja nikaenda nao jikoni. Uzi wa pamba ukiuchoma huwaka, hunuka kama karatasi, hubakisha jivu jepesi la kupepea. Ule ulijikunja, ukayeyuka, ukabakia kipunje kigumu cheusi. Plastiki. Mtu hawezi kurudi kudai. Utamwambia nini mwenye duka, alete maiti athibitishe?

Kwa Ami nilifanya jaribio hilohilo mbele yake. Hakukasirika. Alinipa kiberiti.

Na ile bilauri ya maji niliyoiahidi: ni ya karafuu maiti. Kuna wanaouza vidonge vya nondo, vile vyeupe vya kabatini, wakaviita karafuu maiti, na kwa macho huvitofautishi. Karafuu maiti ya kweli ukiitia majini huelea. Vidonge vya nondo huzama. Ami hukutilia punje moja bila kuambiwa, ukaiona imeelea, ndipo akafunga.

Sasa kasoro, maana duka halikosi.

Pamba yake ni mbaya. Ina mbegu na vitakataka, inachanika vipandevipande, na anayeijua kazi atakuja na ya kwake kutoka duka la dawa. Glavu ni za saizi moja, ya mkono wa mvuvi. Mimi huzikaza kwa mpira wa nywele. Mkunazi umetwangwa vibaya, una vijiti, uchekeche kabla ya kuutia majini usije ukamkwaruza maiti. Hapokei pesa kwa simu, taslimu tu, na saa saba za usiku taslimu hiyo utaitoa wapi? Atakukopesha, hilo ni kweli, lakini si kila mtu anapenda kumzika mzazi wake kwa deni. Redio yake haizimwi. Kizingiti ni kirefu mno, nimeshuhudia mzee mwenye fimbo akijikwaa pale akiwa tayari na huzuni zake. Na wakati wa sala hufunga na kuondoka bila kuacha hata mtoto wa kusema amekwenda wapi. Subiri, atarudi, lakini huyo mwenye msiba anayesubiri dakika 20 pale nje utamwonea huruma.

Nilimlaumu pia kwamba kikapu hakina kifuko cha kutilia vitu vya marehemu: pete, hirizi, simu, meno ya bandia. Vitu hivi hupotea siku ya msiba kuliko siku nyengine yoyote, na huzaa maneno ya miaka. Wiki iliyofuata nikakuta ameshona vifuko vidogo kwa mabaki ya bafta, vya kukaza kwa uzi. Havitozi.

Bei: mara ya mwisho nimelipa shilingi 60,000 kwa ya mwanamke na vikorombwezo vyake vyote, ya mwanamme ilikuwa 48,000. Hakuna kupatana bei, wala hakuna anayejaribu. Ya mtoto mchanga hauzi. Hukata, hukunja, hukupa, na hageuki kukutazama unapoondoka.

Ana daftari, la jalada gumu, la skuli. Tarehe, mwanamke au mwanamme, urefu, kijiji. Majina hamna. Siku moja aliniacha nilifungue, nadhani kwa sababu nilimweleza kwamba na sisi tulikuwa na kitabu cha kesi. Nilikwenda moja kwa moja Septemba 2011. Usiku wa kuamkia tarehe 10 mwezi ule MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikija Pemba, na mimi nilikuwa Minnesota, mgeni kazini, simu sikioni kutwa nzima. Nilikuwa nimefundishwa karibuni tu jinsi ya kuwatambua watu wengi waliokufa pamoja: alama za vidole, meno, vinasaba, na kwamba sura na nguo si za kutegemewa peke yake. Nilikuwa na elimu yote hiyo na bahari mbili mbele yangu.

Kurasa za siku zile mwandiko wake ni uleule, haukutetemeka. Mwanamke. Mwanamke. Mtoto. Mwanamme. Mtoto. Lakini pahala pa urefu, mstari baada ya mstari, hakuna nambari. Ameandika "kamili". Nilimwuliza maana yake. Alisema siku zile hakumsimamisha mtu yeyote mlangoni. Alikata zote wari tatu.

Kwa anayehitaji: hufungua baada ya Alfajiri, Ijumaa hufunga mapema. Usiku gonga dirisha la ubavuni, si mlango, mlango hausikii kwa ajili ya redio. Usiende na watu wengi, ndani hamuenei. Kama maiti yuko mbali, Konde au Mkoani, mpigie mtu wa Chake akuchukulie, kwani Ami kwa simu hauzi; anataka mtu wa kusimama mlangoni.

Juzi nilikwenda kurudisha kikapu, na kwa kuwa nimefika umri ambao kina mama wa kwetu huanza kuiweka yao chini ya sanduku, nikamwambia anikatie na mimi. Hakunisimamisha mlangoni. Alinitazama mara moja tu, akasema futi tano na inchi tatu, na ni kweli. Akashusha jora, akalipima kati ya kidole gumba na cha shahada, akaliangalia kwenye mwanga, akalirudisha kwenye rafu.

"Hili jepesi," akasema. "Wewe huna haraka. Njoo baada ya mwezi, nikileta jengine."